Maboga na Jua la Mara

Tusafiri pamoja. Safari yetu si ndefu. Tunaanza Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Tunapanda hadi Butiama. Kisha tunashika barabara kuu mpaka Bunda.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu hunipitisha njia hiyo mara nyingi kwa pikipiki. Wakulima hunisimamisha njiani. Miaka hii swali moja hurudi tena na tena: "Bwana Shamba, jua limekuwa kali. Maboga tupande lini?"

Swali hilo si dogo. Katika nyumba nyingi za Mara, boga ni chakula cha akiba. Mahindi yakiisha ghalani, boga lililowekwa mahali pakavu ndilo huwalaza watoto wakiwa wameshiba. Majani yake ni mboga. Mbegu zake zina mafuta na hujenga mwili. Boga lenye nyama ya rangi ya machungwa lina vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

Mimi mwenyewe niliwahi kulijibu swali hilo vibaya. Mama mmoja na wajukuu wake walipata taabu kwa ajili ya jibu langu. Habari hiyo nitaieleza tukifika Butiama.

MUSOMA: JUA NA UPEPO WA ZIWA

Musoma ni makao makuu ya Mkoa wa Mara. Mji umekaa kwenye rasi, nchi kavu iliyoingia ziwani. Mawe makubwa yamesimama kando ya maji. Asubuhi mitumbwi inarudi na dagaa, sato na sangara. Akina mama wanaanika dagaa. Upepo unatoka ziwani na unapoza uso.

Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo joto la Musoma si kama la Dar es Salaam au Tanga. Mchana kwa kawaida hufika nyuzi 28 au 29. Usiku hushuka hadi kama nyuzi 18. Boga hulipenda joto hilo. Mbegu ya boga huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 35. Katika udongo wa baridi, mbegu hukawia na huweza kuoza.

Basi kwa nini tunalilalamikia jua? Ni kwa sababu jua letu huja pamoja na ukame. Ukanda wa ziwa hupata mvua chache kuliko milima ya Tarime. Mahali pengi udongo ni wa kichanga, nao haushiki maji. Mwezi wa pili, saa saba mchana, mchanga unaunguza nyayo. Mizizi mingi ya boga hukaa karibu na uso wa udongo. Udongo ukikauka na kuungua, mmea unanyauka.

Karibu na mji nilimtembelea baba mmoja mwenye bustani ya maboga. Shamba la jirani yake lilikuwa limenyauka. La kwake lilikuwa na majani mabichi. Nilimuuliza, "Baba, siri yako ni nini?" Akacheka. Akafukua nyasi kavu kwa mkono. Chini ya nyasi udongo ulikuwa na unyevu.

Yeye hachimbi shamba zima. Huchimba mashimo. Kila shimo lina upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 30. Huchanganya udongo wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza vizuri. Halafu hurudisha mchanganyiko huo shimoni. Huacha uso wa shimo uwe chini kidogo ya ardhi, ili maji ya mvua yakusanyike humo. Toka shimo hadi shimo ni mita 2 au zaidi, maana boga hutambaa mbali. Kila shimo hutia mbegu 3, kina cha sentimita 2 au 3. Miche ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, huacha miwili yenye nguvu na kung'oa mmoja. Kisha hutandaza nyasi kavu kulizunguka shina, bila kuzigusisha na shina lenyewe.

Mvua ikikatika, humwagilia asubuhi au jioni. Maji huyatia shinani, si juu ya majani. Majani yakilala na maji, ugonjwa huingia.

Bustani ya baba huyo haiko ukingoni mwa ziwa. Nilimsifu kwa hilo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo inalinda maji. Inamlinda na mkulima pia. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kawaida. Maji yakaingia katika mashamba na nyumba zilizokuwa karibu. Tena viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho. Mtu anayelima ukingoni hulima katika njia yao.

BUTIAMA: NILIVYOJIFUNZA KUHESABU

Kutoka Musoma tunafika Makutano. Hapo tunaacha barabara kuu na kupanda kuelekea Butiama. Hewa inakuwa baridi kidogo. Vilima vina mawe makubwa. Mashamba ya mihogo, mahindi na mtama yako pande zote mbili za njia.

Kila Mtanzania analijua jina la Butiama. Hapa alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi hapa kijijini, akalima shamba lake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapa, mahali paitwapo Mwitongo. Wageni wengi huja kuliona kaburi lake na makumbusho.

Lakini mimi nikipita Butiama, hukumbuka shamba moja la maboga.

Ilikuwa kabla ya mwaka 2012. Wilaya ya Butiama ilikuwa haijaanzishwa. Tulikuwa Wilaya ya Musoma Vijijini. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu cha kilimo. Nilijiona najua mengi.

Kulikuwa na mama mjane aliyelea wajukuu wanne. Mvua ya vuli iliponyesha mwezi wa kumi, aliniuliza, "Mwanangu, maboga niyapande sasa?" Mimi nikamjibu, "Ngoja kwanza, mama. Malizeni mahindi. Mvua ikishakolea, ndipo upande maboga. Boga halina haraka."

Mama akanitii. Akapanda maboga siku chache kabla ya Krismasi.

Maboga yakaota vizuri. Yakatambaa. Majani yakafunika ardhi. Nilipopita mwezi wa kwanza, nilifurahi. Nikawaita wakulima wengine waje waone shamba la mfano.

Mwezi wa pili mvua ilikuwa imekatika. Mahindi ya vuli yakakauka kabla ya kujaza. Mama akanitumia ujumbe: "Mwanangu, njoo uyaone maboga yako."

Nilikwenda. Maua ya njano yalikuwa mengi. Lakini maboga hayakuwapo. Kila ua lililokuwa na kiboga kidogo chini yake lilikuwa limegeuka njano na kudondoka. Nilizunguka shamba zima. Nikapata maboga mawili tu, na yote yalikuwa madogo kama ngumi.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa watoto watakula nini mpaka mavuno ya masika?"

Sikuwa na jibu. Siku zile wajukuu walikula majani ya maboga na uji wa muhogo. Mwisho mama aliuza mbuzi wake ili anunue mahindi.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja mzee. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani." Ndani ya nyumba yake niliona maboga kumi na matatu. Yalikuwa yamepangwa juu ya kichanja. Mvua ilikuwa ile ile. Udongo ulikuwa ule ule.

Nikamuuliza alipanda lini. Akasema alipanda mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mashimo aliyaandaa mapema, wakati wa jua. Kisha akanionyesha vidole vyake. "Mimi siihesabu siku ya kupanda peke yake," akasema. "Nahesabu siku ya maua. Maua yakikuta jua kavu, boga hakuna."

Bibi yule hakuwahi kusoma chuo cha kilimo. Mimi nilikuwa nimesoma habari za maua ya boga darasani. Lakini sikuwahi kuziunganisha na kalenda ya mvua ya Mara.

KWA NINI MAUA YALIDONDOKA?

Boga lina maua ya aina mbili katika mmea mmoja. Ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Maua dume hutangulia, kama wiki ya sita baada ya kupanda. Maua jike hufuata, kama wiki ya saba au ya nane.

Unga wa ua dume, yaani chavua, ni lazima ufike kwenye ua jike. Nyuki ndiye anayeupeleka. Ua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Likifunga halifunguki tena. Kwa hiyo nyuki ana saa chache tu za kazi.

Joto likizidi na maji yakipungua, mambo matatu hutokea. Kwanza, mmea hutoa maua dume mengi na maua jike machache. Pili, chavua hupoteza nguvu. Tatu, mmea wenye kiu hudondosha viboga vyake, kwa maana hauwezi kuvilisha. Ndivyo ilivyotokea kwa mama yule. Maua yake yalifunguka mwezi wa pili, katikati ya ukame.

Mvua nyingi mno nayo ina hasara. Nyuki haruki mvua ikinyesha. Majani hushikwa na ukungu. Viboga huoza.

Basi, ndugu msomaji, tuhesabu pamoja.

Mara ina misimu miwili ya mvua. Vuli huanza kwa kawaida mwezi wa kumi na kumalizika mwezi wa kumi na mbili. Kisha kuna kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza na wa pili. Masika huanza mwishoni mwa mwezi wa pili au mwezi wa tatu, na kumalizika mwezi wa tano. Kisha huja kiangazi kirefu.

Ukipanda tarehe 20 Oktoba, maua jike hutokea karibu na tarehe 10 Desemba. Mvua bado ipo. Boga hukomaa mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari. Hapo jua kavu linasaidia. Linakausha kikonyo na kukaza ganda.

Ukipanda tarehe 20 Desemba, maua jike hutokea karibu na tarehe 10 Februari. Hilo ndilo kosa langu.

Kwa masika, panda mvua ya kwanza ikishalowesha udongo vizuri, mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi. Maua jike hutokea mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Maboga hukomaa mwezi wa sita au wa saba, wakati wa kukauka. Ukichelewa mpaka mwisho wa Aprili, maua yatakuta kiangazi.

Lakini mvua haifuati kalenda ya ukutani. Vuli ya mwaka 2022 ilikuwa haba sehemu nyingi za nchi yetu. Vuli ya mwaka 2023 ilikuwa nyingi mno kwa sababu ya El Nino. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Leo tunayo na redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya vuli na kabla ya masika. Usikilizeni. Halafu andaeni mashimo mapema, ili mvua ya kwanza ikinyesha mpande siku ile ile.

Na mvua ikikatika wakati wa maua? Okoa mashina machache. Chagua yaliyo karibu na nyumba. Yape maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Asubuhi na mapema, chuma ua dume lililofunguka leo. Ondoa majani yake ya njano. Papasa unga wake katikati ya ua jike lililofunguka leo. Kazi hiyo hata mtoto wa shule anaiweza.

MBEGU GANI HUSTAHIMILI JOTO?

Boga lilitoka Amerika, pamoja na mahindi. Aina zake si zote sawa. Njia nyepesi ya kuzitambua ni kutazama kikonyo, mahali kinapoungana na boga.

Kikonyo cha duara, kinene na laini kama gunzi, ni cha aina inayopenda nchi yenye ubaridi kidogo. Kikonyo kigumu chenye pembe tano, kinachopanuka kama kwato kinapofika kwenye boga, ni cha aina inayostahimili joto. Majani ya aina hiyo mara nyingi huwa na madoa meupe. Huko ukanda wa ziwa na mbuga za Bunda, chagueni hiyo ya pembe tano.

Chukueni mbegu kutoka katika boga bora lililokomaa kabisa, lililotoka kwenye mmea usiougua. Zioshe. Zianike kivulini mpaka zivunjike ukizikunja. Zihifadhini mahali pakavu.

Jihadharini na jambo moja. Boga likipikwa likawa chungu, msile. Litupeni, na mbegu zake msizipande. Uchungu huo ni sumu.

BUNDA: TEMBO, NYUKI NA KICHANJA

Tunarudi barabara kuu. Tunapita Kiabakari na kufika Bunda. Hapa nchi inafunguka. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke. Upande mwingine kuna mbuga za Serengeti. Pamba na mtama vinalimwa hapa. Joto ni kali kuliko Butiama.

Wakulima wa vijiji vilivyo karibu na hifadhi wana shida nyingine. Tembo hupenda maboga yaliyoiva. Wakiingia usiku mmoja, jasho la miezi minne linakwisha. Mama mmoja wa Bunda aliniambia, "Baba, jua ninaliweza. Tembo siwezi."

Ninamwelewa. Msijaribu kumfukuza tembo kwa mikono mitupu. Watu wamekufa hivyo. Toeni taarifa mapema kwa viongozi wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori. Pandeni maboga karibu na nyumba, si pembezoni mwa kijiji. Yakikomaa yavuneni mara moja. Msiyaache shambani.

Kuna na msaada wa mdudu mdogo. Tembo huogopa nyuki. Nchini Kenya wakulima wamefunga mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Uzio huo haumzuii kila tembo, lakini umepunguza hasara. Nyuki hao hao hupeleka chavua kwenye maua ya maboga. Mkulima hupata na asali. Ndiyo maana nawaomba msinyunyize dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Ukimwua nyuki, umeliua boga.

Boga limekomaa likiwa na dalili hizi: kikonyo kinakauka, ganda halitoboki kwa ukucha, na mahali lilipolalia ardhi pamegeuka rangi ya njano. Likate kwa kisu. Acha kikonyo cha urefu wa vidole vinne. Usilibebe kwa kikonyo. Kikivunjika, uozo huingia hapo. Liweke mahali pakavu penye joto na hewa kwa siku 10. Kisha lipange juu ya kichanja, boga lisigusane na boga. Aina ya pembe tano ikitunzwa hivyo hukaa miezi miwili, mitatu, au zaidi.

TUKUMBUKE

1. Andaa mashimo na samadi wakati wa jua, kabla ya mvua.
2. Panda na mvua ya kwanza inayolowesha udongo vizuri.
3. Hesabu wiki nane mbele. Maua yako yatakuta mvua au ukame?
4. Tandaza nyasi kavu. Mwagilia shinani.
5. Linda nyuki.
6. Vuna na kikonyo. Hifadhi juu ya kichanja.

Ndugu msomaji, mama yule wa Butiama bado ni mkulima. Wajukuu wake wamekuwa watu wazima. Kila mwezi wa tisa nikipita kwake huniuliza, "Mwanangu, mwaka huu umehesabu?" Namjibu, "Ndiyo, mama. Nimehesabu." Hata hivyo hasubiri jibu langu. Mashimo yake huwa tayari.

Na wewe chukua kalenda leo. Kama huna, tumia vidole. Hesabu siku ya maua kabla hujatia mbegu ardhini.